Mizunguko 103

Mzunguko wa 310 kati ya 328. Ford nambari 7 inaongoza mbio, na badala ya kuendelea inakata kushoto na kuingia piti, sehemu ya kujazia petroli na kubadilishia matairi. Vijana wanaruka ukuta wakiwa na petroli tu. Hakuna jeki, hakuna tairi. Mtungi unachomekwa, unachomolewa mapema kuliko ilivyopangwa, na gari linaondoka kwa kujikokota, injini ikikoroma chini chini, kwa sababu linaondokea gia ya nne.

Hapo ni Atlanta, tarehe 15 Novemba 1992, mbio ya 29 na ya mwisho ya msimu wa NASCAR, mbio za magari za Marekani. Dereva ni Alan Kulwicki, mwenye timu yake mwenyewe, aliyesomea uhandisi wa mitambo, ambaye zikiwa zimebaki mbio sita alikuwa nyuma ya kinara kwa pointi 278.

Siku hiyo Bill Elliott alishinda mbio. Kulwicki alimaliza wa pili, akawa bingwa wa taifa kwa pointi 10.

Aliongoza mizunguko 103. Elliott aliongoza 102.

Kilichonirudisha kwenye hesabu hii kwa wiki kadhaa ni fainali ya NASCAR ya Phoenix ya tarehe 2 Novemba 2025, ambayo huku Nairobi iliisha usiku wa manane wa kuamkia Jumatatu. Denny Hamlin aliongoza mizunguko 208. Kyle Larson hakuongoza hata mmoja, na ndiye aliyebeba kombe. Tangu hapo swali limegoma kuondoka: ikiwa ubingwa unaweza kuamuliwa na mzunguko mmoja, au na matairi mawili, dereva huwa anashindania nini msimu mzima?

Jibu nililoanza nalo silo nililo nalo sasa.

## Gia ya nne

Tuanze na lile koromo, kwa sababu bila hilo mzunguko wa 310 haueleweki.

Gia ya kwanza ya Kulwicki ilivunjika alipoingia piti mara ya kwanza mchana ule. Chuma kilichovunjika ndani ya giaboksi hakina pa kutokea. Kinabaki mle kwenye oili, na siku jino linapokinasa, giaboksi nzima inasagika. Fundi wake mkuu, Paul Andrews, aliamua gari liondokee gia ya nne kila likitoka piti, ili vile vipande visisukumwe huku na huku. Bado walikuwa na kuingia piti mara tatu au nne.

Kwa nini ya nne? Kwenye giaboksi ya aina ile, gia ya nne haipitishi nguvu kwenye meno ya shafti ya chini. Shafti inayotoka kwenye injini inafungana moja kwa moja na ile inayokwenda kwenye difu, zinazunguka kama chuma kimoja. Shafti ya chini bado inazunguka, ila haina mzigo. Makanika wa gereji za Grogan aliyewahi kufungua giaboksi ya Peugeot 504 ya gia nne ameyaona hayo kwa macho yake.

Anayelipa ni klachi. Mfikirie dereva wa matatu akitoka steji ya Odeon kwa gia ya nne, gari limejaa: inabidi aikalie klachi, akanyage mafuta kiasi, asizime, asiichome. Akiachia haraka injini inakufa. Akichelewa, sahani inapata joto na kuanza kuteleza, na klachi iliyoanza kuteleza hairudi. Kulwicki alilifanya hilo kila alipotoka piti, ubingwa wa taifa ukiwa mezani, huku akijua kila sekunde anayojikokota wenzake wanampita mbio.

Kwa hiyo kule kuingia piti bila kubadili matairi hakukuwa ujasiri wa bure. Gari lisiloweza kuondoka haraka lilihitaji kukaa piti muda mfupi kuliko mengine yote.

## Bei ya gari moja

Pointi za miaka ile zilikwenda hivi: mshindi 175, wa pili 170, na kila nafasi ilipunguza 5 mpaka wa sita. Kutoka wa saba mpaka wa kumi na moja zilipungua 4 kila nafasi, kisha 3 kila nafasi mpaka mkiani. Aliyeongoza hata mzunguko mmoja aliongezewa 5. Aliyeongoza mizunguko mingi kuliko wote aliongezewa 5 nyingine.

Iangalie ile 3 ya mkiani.

Hiyo 3 ndiyo inayoeleza kwa nini miaka ile gari lililogonga ukuta liliburutwa hadi gereji na vijana wanane wakalishambulia kwa nyundo na msumeno, wakati mbio zilikuwa zimeshawaacha kwa mizunguko 40. Hawatafuti ushindi. Wanakata bodi pale inapogusa tairi, kwa sababu bati lililojikunja juu ya gurudumu litapasua tairi kabla ya mzunguko wa pili. Wanabandika utepe kufunga mdomo wa mbele. Wanaangalia rejeta kama inavuja, wanapima kwa macho kama magurudumu ya mbele yanaelekea upande mmoja. Halafu dereva anarudi kutambaa. Kwa kila gari lililokufa kabisa, akiipita idadi ya mizunguko ambayo gari hilo lilikuwa limemaliza, anapanda ngazi moja. Pointi 3.

Zile pointi 10 za Kulwicki ni nafasi mbili mbele ya msururu, au nafasi tatu na kidogo mkiani, katika mbio yoyote kati ya 29. Yupo kijana aliyekata bati mwezi wa nne au wa tano ambaye mchango wake umo ndani ya kombe lile, na huenda hakujua ni Jumapili ipi.

Davey Allison alifika Atlanta akiwa kinara, mbele ya Kulwicki kwa pointi 30 na mbele ya Elliott kwa 40. Ernie Irvan akapoteza udhibiti wa gari mbele yake, na Allison hakuwa na pa kukwepea. Aliorodheshwa wa 27. Msimu mzima wa kuongoza ukaishia kwenye pointi 82 za siku hiyo, na 5 za kuongoza.

Mwanzoni nilikuwa upande wa wanaosema hiyo ni bahati tu. Mmoja kagongwa, mwingine kazidi mzunguko mmoja, basi.

## Kabari

Kabla ya kufika kwenye hesabu yenyewe, lazima tupite kwenye gari, kwa sababu dereva anayewania ubingwa haombi gari sawa na dereva anayewania mbio ya leo.

Husemwa kwamba dereva wa NASCAR anakata kushoto tu. Kwenye viwanja vingi ni kweli, na ndiyo maana gari lake hupindishwa kwa makusudi. Chukua kikombe cha plastiki chenye mdomo mpana na kitako chembamba. Kilaze mezani ukisukume. Hakiendi moja kwa moja, kinapinda kuelekea upande wa kitako. Magari yenye ekseli ya nyuma iliyofungwa pamoja hufanyiwa vivyo hivyo: tairi la nyuma kulia linakuwa na mzingo mkubwa kidogo kuliko la kushoto, ili gari lenyewe litake kwenda kushoto. Tofauti ikizidi, dereva anapigana na usukani kwenye njia iliyonyooka na matairi yanapata joto bure. Ikipungua, gari linagoma kukata kona.

Halafu kuna kabari. Weka kipande cha mbao chini ya mguu mmoja wa meza. Uzito wa meza haujabadilika, umehama: mguu ule, na ule ulio mkabala nao kwa mshazari, ndiyo inayobeba. Miwili mingine inakuwa kama imening'inia. Gari la mbio hupimwa kwenye mizani minne, moja chini ya kila tairi. Tuchukue mfano wa gari la kilo 1,600: mbele kushoto 420, mbele kulia 400, nyuma kushoto 410, nyuma kulia 370. Jumlisha mshazari wa mbele kulia na nyuma kushoto, unapata 810. Ni asilimia 50.6 ya uzito wote.

Ukikaza springi ya nyuma kushoto, mshazari huo unaongezeka. Ukikaza ya nyuma kulia, unapungua, kwa sababu uzito unahamia huko na mbele kushoto. Ukiongezeka, gari linaanza kusukuma: dereva anazungusha usukani, pua inaendelea kwenda ukutani. Ukipungua, gari linatupa mkia.

Kazi hiyo hufanyika piti kwa spana ndefu inayopitishwa kwenye tundu karibu na kioo cha nyuma. Nusu mzunguko wa spana, mzunguko mmoja, basi. Inafanyika wakati gari liko hewani upande mmoja na mwenye mtungi amesimama palepale karibu. Kinachoweza kukosewa ni kitu kidogo mno: spana kuzungushwa upande usio wake. Dereva aliyelalamika kwamba gari linasukuma anarudi njiani na gari linalosukuma zaidi, na lazima avumilie mpaka atakapoingia tena.

Ndiyo maana lugha ya dereva redioni ina thamani kuliko kasi yake. "Gari ni baya" haimsaidii fundi. Anataka kujua linasukuma wapi: kuingia kona, katikati, au kutoka. Likisukuma wakati wa kuingia, huenda ni breki au shokamzoba za mbele. Katikati, ni kabari au upepo wa matairi. Wakati wa kutoka, ni jinsi mguu wa kulia unavyokanyaga. Na tabia hiyo haitulii, kwa sababu tanki liko nyuma. Kwa magari ya wakati ule, galoni 22 za Kimarekani ni lita 83, zaidi ya kilo 60 zinazoyeyuka kutoka nyuma ya gari kati ya kujaza na kujaza. Dereva mzuri anatoa taarifa ya gari la sasa akiwa anafikiria gari litakavyokuwa mizunguko 30 mbele.

Sasa, gari linalotupa mkia kidogo lina kasi. Linageuka lenyewe, halisugui tairi la mbele kulia. Lakini kosa moja linakugeuza ukiangalia ulikotoka. Gari linalosukuma kidogo ni zito, linachosha, linakula tairi, ila linakuonya kabla halijakuangusha. Mwenye kutafuta ushindi wa siku huomba la kwanza. Mwenye kutafuta ubingwa mara nyingi humeza kiburi akaomba la pili, akakubali kupitwa na watu ambao angeweza kuwapita.

Kumwambia dereva wa mbio akubali hilo kwa miezi tisa ni kumwomba kitu kigumu kuliko mbio zenyewe.

## Lita moja na kidogo

Turudi mzunguko wa 310.

Mzunguko wa Atlanta ulikuwa maili 1.522, kama kilomita 2.45. Injini ya V8 yenye kabureta, ikikanyagwa mpaka sakafuni, tuseme inakwenda kilomita mbili kwa lita. Basi kila mzunguko ni lita moja na kidogo. Mizunguko 18 iliyobaki ilihitaji lita 20 na ushei. Na kwa haraka ile, si mafuta yote yaliyokusudiwa yaliyoingia tankini.

Kubana petroli kwenye mbio si kwenda polepole tu. Unaachia mafuta mapema kabla ya kona, unaliacha gari lijiviringishe kuingia, huku ukijizuia kugusa breki kwa sababu kila kasi unayoiua kwa breki utainunua tena kwa petroli. Unakanyaga taratibu wakati wa kutoka. Ukipata gari la kukukinga na upepo, unakaa nyuma yake hata kama ungeweza kulipita. Unatazama mshale wa presha ya petroli, kwa sababu huo huanza kuchezacheza kabla injini haijakohoa. Kwenye uwanja wa kukata kushoto petroli hutupwa kulia, na mdomo wa kunyonyea uko kulia. Kwa hiyo gari linaweza kupita kona salama likakohoa ukishanyoosha, pale unapodhani umepona.

Anayebana mafuta hafukuzi. Kulwicki hakumfukuza Elliott.

Na hapa ndipo niliposimama wiki nzima.

## Nafasi ya tatu

Kila anayesimulia mbio ile husema: laiti Elliott angeongoza mzunguko mmoja zaidi. Ni kweli. Kama 103 zingekuwa za Elliott na 102 za Kulwicki, ile bonasi ya 5 ingehama, wangefungana kwa pointi 4,073, na Elliott angechukua ubingwa kwa kuwa na ushindi mwingi, mbio 5 dhidi ya 2.

Lakini chukua kalamu ufanye hesabu nyingine, ile ambayo Kulwicki alikuwa nayo mkononi baada ya mzunguko wa 310.

Alifika Atlanta na pointi 3,898. Elliott alikuwa na 3,888. Andrews na wenzake walikuwa wamehesabu mizunguko mpaka wakajua Elliott hawezi tena kuwafikia kwa kuongoza, ndipo wakamwita dereva aingie piti, si kabla. Kuanzia hapo, Elliott akishinda anapata 175 na 5, jumla 4,068. Kulwicki ana bonasi zote mbili, 10, tayari mfukoni. Akimaliza wa pili ana 4,078. Akimaliza wa tatu ana 4,073, bado ni bingwa. Wa nne ndipo wanafungana na anapoteza.

Bila bonasi ile, hata wa pili isingemtosha.

Kwa maneno mengine, mzunguko wa 103 haukumpa pointi tu. Ulimpa ruhusa ya kupitwa na gari moja. Ulimpa nafasi ya kuachia mafuta mapema, kubana petroli isiyotosha, kulinda giaboksi yenye vipande vya chuma ndani, na kumwacha Elliott aende zake. Walimnunulia dereva wao utulivu, na walijua wameulipia kwa mzunguko upi.

Nilipoliona hilo, neno bahati nililiacha.

Wengine watasema huo si ushujaa, ni uhasibu. Mimi naona dereva anayeweza kusikia kwenye redio kwamba nafasi ya pili inamtosha, akaiamini karatasi ya fundi wake kuliko damu yake, huku gari la mbele analiona, amefanya jambo ambalo wengi wenye kasi kumzidi hawajaliweza.

## Matairi mawili, matairi manne

Sasa liweke Phoenix kando ya hilo.

Tangu 2014 hadi 2025 madereva wanne waliingia mbio ya mwisho wakiwa sawa. Pointi za msimu ziliwafikisha pale, kisha zikafutwa. Kati ya hao wanne, aliyetangulia kumaliza ndiye bingwa. Hakuna bonasi ya kuongoza, hakuna akiba.

Hamlin, mwenye ushindi wa mbio 60 na bila ubingwa hata mmoja, alikuwa mbele na mizunguko mitatu tu imebaki. William Byron akapatwa na tatizo la tairi, akagonga ukuta. Bendera ya manjano, mbio zikapunguzwa kasi. Wote piti.

Leo watu watano ndio wanaoruka ukuta: wawili wa kufungua magurudumu, mmoja wa kubeba matairi, mmoja wa jeki, mmoja wa petroli. Tangu 2022 kila gurudumu lina nati moja kubwa katikati badala ya tano. Jeki inainua upande wa kulia wote kwa pigo moja, bunduki ya upepo inafungua, tairi linatoka, lingine linaingia, nati inakazwa, gari linashuka. Kisha wanakimbia kuzunguka gari kwenda kushoto na kurudia yote. Ukichukua matairi mawili ya kulia peke yake, unaokoa zile sekunde za kukimbia na kurudia. Matairi manne huchukua kama sekunde tisa au kumi. Mawili, karibu nusu yake. Magari yakitoka piti yamefuatana hivyo, sekunde nne ni msururu mzima.

Hamlin alipewa manne. Larson mawili.

Uamuzi wa manne haukuwa wa kijinga, na nasema hivyo nikijua watu wamemlaumu sana fundi wake. Tairi jipya lina mshiko mkubwa kuliko lililochakaa, na pembe zote nne zikiwa mpya gari linarudi kwenye usawa wake. Likipewa mizunguko 15 lingewapita wote. Lakini baada ya kuanza upya ilibaki mizunguko miwili tu, na mshiko unahitaji njia ya kuutumia. Kwenye msongamano hewa imevurugika, pua inakosa kukandamizwa chini, na tairi jipya linasukuma kama la zamani. Hamlin alianzia kwenye nafasi ya kumi, akamaliza wa sita. Larson alimaliza wa tatu.

Namfikiria fundi aliyepaswa kuamua. Kosa la spana huko nyuma lingeweza kurekebishwa piti ya pili. Kosa la mwezi wa tano lingeweza kufidiwa mwezi wa tisa, pointi 3 kwa pointi 3. Yeye alikuwa na sekunde chache, na hakuna kilichobaki nyuma yake cha kumsaidia. Mbio 35 alizofanya na dereva wake hazikuweza kumkopesha hata nafasi moja ya kupitwa.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Mzunguko wa 103 wa Kulwicki ulikuwa juu ya rundo la mbio 29. Matairi ya Hamlin yalisimama peke yake.

NASCAR yenyewe imeuondoa mtindo huo kuanzia msimu wa 2026. Sasa madereva 16 wanahesabiwa pointi kwa mbio 10 za mwisho bila kufutiwa katikati. Si msimu mzima, na ningependa uwe msimu mzima, lakini akiba imerudi.

## Pasaka ya 1973

Sisi hapa tumelijua jambo hili mapema kuliko wengi.

Kwenye mbio za Safari Rally za 1973, Shekhar Mehta na Harry Källström, wote kwenye Datsun, walimaliza wakiwa na adhabu sawasawa. Baada ya maelfu ya kilomita za tope, vumbi na usiku, dakika walizochelewa kwenye vituo zililingana. Mehta akapewa ushindi kwa sababu alikuwa amekwenda mbali zaidi tangu mwanzo kabla ya kupata adhabu ya kwanza.

Linganisha na mwaka 2011, Tony Stewart na Carl Edwards walipofungana kwa pointi 2,403 baada ya mbio 36. Stewart alishinda mbio ya mwisho, Edwards alikuwa wa pili na ndiye aliyeongoza mizunguko mingi. Ubingwa ukaenda kwa Stewart kwa wingi wa ushindi, 5 dhidi ya 1. NASCAR ikiwa imefungana inauliza nani alishinda zaidi. Safari iliuliza nani alikaa msafi kwa muda mrefu zaidi.

Mimi ni wa kanuni ya Safari. Barabara ile ilikuwa inamtafuta kila mtu, na aliyechelewa kupatikana alistahili.

Najua hoja ya upande wa pili: watu wanalipa kuona mtu akipita mwenzake, si mtu akitunza karatasi. Ukisimama uwanja wa Jamhuri siku ya autokrosi, kelele huwa ni za gari linalotupa mkia kwenye kona ya vumbi, si la yule anayepita wima bila kugusa koni. Lakini waangalie wanaojali jedwali la msimu. Wako pembeni ya gari, kabla ya mzunguko wa mwisho, wanaongea na fundi kwa sauti ya chini. Wanauliza swali lile lile la Atlanta: leo nafasi ya ngapi inatosha? Dereva anayekwenda mstari wa kuanzia bila jibu atakanyaga mpaka mwisho, kwa sababu hajui anachokilinda. Koni moja, nusu shafti moja, na msimu umekwisha.

Jibu hilo haliwezi kutafutwa dereva akiwa tayari amevaa helmeti. Linaandikwa usiku wa kuamkia mbio, mistari mitatu tu: mpinzani akishinda, nahitaji nafasi gani, akiwa wa pili, nafasi gani, akikwama, nafasi gani. Karatasi inabaki kwa fundi, dereva anaambiwa tarakimu moja.

## Kinyume

Kulwicki hakupata nafasi ya kuutetea ubingwa wake sawasawa. Alifariki tarehe 1 Aprili 1993, ndege aliyokuwamo ilipoanguka ikikaribia kutua kabla ya mbio za Bristol.

Ila siku ile ya Atlanta, bendera ilipokwisha kushushwa, aligeuza gari na kuzunguka uwanja kinyume, upande ambao saa inakwenda, kama alivyofanya aliposhinda mbio yake ya kwanza kule Phoenix mwaka 1988. Sababu ni rahisi. Gari la Marekani lina usukani kushoto. Ukizunguka kama kwenye mbio, dirisha la dereva linaangalia ndani, kwenye nyasi na piti. Ukizunguka kinyume, linaangalia majukwaa, na unaweza kuwapungia watu mkono.

Petroli ile isiyoingia yote kwenye mzunguko wa 310 ilitosha na huo pia.